Menyu Inayosogea Haimalizi Diski

Imeandikwa kwamba menyu zenye picha zinazosogea katika DVD za nyumbani ni urembo mtupu: zinakula nafasi, zinawachanganya wazee, na orodha ya maandishi inatosha. Hoja ya nafasi ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwenye kuitoa hakupiga hesabu. Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Menyu ya sekunde 30, hata kwa megabiti 8 kila sekunde, huchukua megabaiti 30, yaani chini ya asilimia 1. Kinachojaza diski ni hotuba ndefu zisizokatwa, na hizo mwandishi huyo hakuzigusa.

Kuhusu wazee, ameigeuza hoja kichwa chini miguu juu. Harusi ya Rubona, Rwanda, ina gusaba (sherehe ya posa), ibada na mapokezi. Bibi asiyejua kusoma atanufaikaje na maandishi “Sehemu ya 2”? Mwonyeshe wazee wa pande mbili wakijadili mahari, kisha bwana na bibi harusi wakitoka kanisani, naye atajua pa kubonyeza. Mwandishi huyo atasema menyu inayojirudia inakera. Inakera ikikatwa ovyo. Chagua kipande ambacho mwisho wake unafanana na mwanzo, mawimbi ya Ziwa Kivu kwa mfano. Shusha muziki polepole kabla ya mzunguko kuanza upya. Na kwa kuwa tabaka la vitufe la DVD linaruhusu rangi nne tu, kitufe kilichochaguliwa kipewe ile inayojitenga kabisa na maji.