Niyamgiri: vijiji 12 viliulizwa, vyote vikasema hapana

Wandugu, vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Kalemie, Lubumbashi, Kolwezi na kila fasi munapotusoma,

Leo tunawapeleka mbali, mpaka India, katika jimbo la Odisha, wilaya ya Rayagada. Wengi wenu hamujasikia jina hilo. Lakini kule wanakijiji walifanya jambo ambalo kila kijana wa inchi yenye madini anapashwa kulijua. Waliulizwa kama wanakubali mlima wao uchimbwe. Walijibu hapana, na jibu lao likashinda mbele ya kampuni na mbele ya serkali ya jimbo. Na kitu kilichowasaidia kushinda ni utamaduni wao, kile kitu ambacho wakubwa wengi wanakiona kama mapambo tu.

Tuanze na fasi yenyewe. Rayagada ni wilaya ya milima. Ilikatwa kutoka wilaya ya Koraput tarehe 2 Oktoba 1992, na zaidi ya nusu ya wakaaji wake ni Adivasi, neno ambalo maana yake ni wakaaji wa kwanza. Milima yake iko na sura yake ya pekee: kwenye mabega kuna msitu, vijito na mashamba, lakini kichwani ni tambarare yenye majani mafupi. Chini ya majani hayo njo kuna bauksiti, udongo mwekundu mgumu unaotoa alumini, ile ya sufuria, madirisha na ndege. Tabaka hilo linakunywa mvua za msimu, halafu linaachilia maji polepole, na vijito vinaendelea kutembea hata wakati wa kiangazi. Vijito vya Niyamgiri vinalisha mto Vamsadhara, na watu wengi wa mabondeni wanategemea mto huo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wajuzi wa mawe walilipa jiwe moja la milima hii jina la khondalite, kutokana na kabila la Wakhond wanaoishi pale. Kwa hiyo tangu zamani hata wageni walijua: huwezi kutaja mawe ya kule bila kutaja watu wake.

Kati ya Wakhond hao kuna Wadongria Kondh, watu elfu nane hivi, ambao makao yao ni milima ya Niyamgiri, kati ya wilaya ya Rayagada na ya Kalahandi. Lugha yao ni Kikuvi. Wanajiita Jharnia, maana yake walinzi wa vijito. Mungu wao, ambaye pia ni mfalme wao na babu yao, anaitwa Niyam Raja, mfalme wa sheria. Mlima wake ni Niyam Dongar, mlima wa sheria. Kwa heshima yake, miti ya kule juu haikatwi. Chini yake, kwenye mabega ya mlima, wanalima ulezi, mbaazi, mananasi, ndizi, machungwa, tangawizi na manjano, wanashuka nayo sokoni na kurudi na franga. Wanaume na wanawake wanavaa pete puani. Wasichana wanapamba kwa sindano shali inayoitwa kapdaganda, yenye alama za pembe tatu zinazokumbusha milima, na wanampa mtu wanayempenda.

Sasa tuangalie mradi. Kampuni ya Vedanta ilijenga kiwanda Lanjigarh, chini ya mlima, upande wa Kalahandi, cha kugeuza bauksiti kuwa unga mweupe unaotengenezewa alumini. Kiwanda kilijengwa mbele ya ruhusa ya kuchimba mlima kupatikana. Mufikiri vizuri: mtu anateka maji, anawasha moto, anaweka chungu, halafu anakuja kwako na kusema, "Nipe mbuzi wako, juu chungu changu kimekwisha kuwa tayari." Njo namna hiyo walivyotaka kufanya. Kiwanda chenyewe kikawa sababu ya kudai mlima.

Mwaka 2010, tume iliyotumwa na serkali kuu ya India, ikiongozwa na N. C. Saxena, ilipiga hesabu. Kileleni kulikuwa na bauksiti tani milioni 72 hivi. Kampuni ilitaka kupanua kiwanda mara sita. Kwa kiwanda kikubwa namna hiyo, akiba ya mlima ingekwisha kwa miaka minne hivi. Miaka minne! Wanafunzi wetu wa yunivasiti wanakaa masomoni zaidi ya hapo wakati migomo imekuwa mingi. Mlima ambao babu na babu wa babu waliukuta, ungechokonolewa kichwa kwa muda wa kumaliza diploma.

Agosti 2010, waziri wa mazingira Jairam Ramesh alikatala kutoa ruhusa. Kampuni ya madini ya jimbo la Odisha ikakimbilia mahakama kuu ya inchi. Tarehe 18 Aprili 2013 mahakama ilitoa uamuzi ambao tunawaomba muukumbuke. Ilisema kwamba sheria ya mwaka 2006 juu ya haki za wakaaji wa msitu inawapa wanakijiji neno lao, na kwamba mkutano wa kijiji, unaoitwa gram sabha, njo utaangalia kama mgodi unagusa haki zao za dini na za utamaduni. Na kila mkutano ufanyike mbele ya jaji.

Serkali ya jimbo ilichagua vijiji 12 tu: 7 vya Rayagada na 5 vya Kalahandi. Milimani kuna vijiji zaidi ya 100, na watu walilalamika sana juu ya hesabu hiyo. Lakini walienda. Mkutano wa kwanza ulifanyika Serkapadi tarehe 18 Julai 2013, wa mwisho Jarapa tarehe 19 Agosti. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema juu ya Niyam Raja, juu ya maji, juu ya matunda na dawa za msituni. Vijiji 12 viliulizwa. Vijiji 12 vikasema hapana. Hakuna hata kimoja kilichoyumba. Januari 2014 serkali kuu ilikatala mradi. Mwaka 2016 kampuni ya jimbo ilirudi mahakamani ikitaka mambo yaanzwe upya, na mahakama haikukubali.

Hapa njo tunataka kusema neno letu.

Kwetu, neno "utamaduni" limepunguzwa mpaka limekuwa ngoma ya kupokea wakubwa. Mkubwa anashuka kwenye ndege, wamama wanacheza, wazee wanavikwa manyoya, picha zinapigwa, halafu wote wanarudishwa nyumbani na mkubwa anaingia kwenye chumba cha mazungumzo bila wao. Hata India ugonjwa huo uko. Mwaka 2024 shali ya kapdaganda ilipewa alama ya serkali inayolinda jina lake na asili yake. Ni jambo zuri, tunawapongeza wasichana wa milimani. Lakini mwaka mmoja mbele, 2023, mlima mwingine wa jirani, Sijimali, ambao pia uko kati ya Rayagada na Kalahandi, ulipigwa mnada, na aliyeshinda ni Vedanta. Wanakijiji wa kule wanasema hawakukubali, na kwamba makaratasi yanayoonyesha kuwa mikutano yao ilisema ndiyo ni ya uongo. Wengi wa wanaopinga wamekamatwa na polisi.

Kwa hiyo shali inapendwa na mlima unauzwa. Sisi tunaona mambo hayo mawili hayawezi kwenda pamoja. Zile pembe tatu za shali ni milima. Ukiondoa mlima, msichana ataendelea kushona kitu gani? Atashona ukumbusho wa kuuzia watalii. Wadongria walishinda mwaka 2013 juu hawakukubali kutenganisha ngoma na maji, mungu na shamba, shali na mlima. Walipoulizwa juu ya dini, walijibu kwa kutaja vijito. Walipoulizwa juu ya vijito, walijibu kwa kutaja mungu wao. Majaji waliwasikiliza na kampuni haikupata la kujibu.

Tunajua neno ambalo mutatuambia, juu na sisi tunalisikia kila siku: "Vijana wanahitaji kazi. Inchi inahitaji viwanda. Mulitaka watu wabaki maskini kwenye msitu?" Ni swali la haki, na tunalijibu. Kwanza, mtu anayeuza mananasi na manjano kila msimu haiko bila kazi. Iko na kazi ambayo alipokea kwa baba yake na ataiacha kwa mtoto wake. Pili, kazi ya miaka minne ikibadilishwa na maji ya siku zote, hiyo ni hasara, hata kama imeandikwa kwa barua nzuri ya kampuni. Tatu, hakuna aliyesema India isitoe alumini. Swali ni nani anaamua ni mlima gani, na kwa bei gani, na kama kuna milima isiyo na bei.

Hatutaki pia kuwadanganya kwamba kule kila kitu kimekwisha kutengenezwa. Katika wilaya hiyohiyo ya Rayagada, kijiji cha Maikanch, tarehe 16 Desemba 2000, polisi waliwapiga risasi Adivasi watatu wakafa, wakati watu walipokuwa wanapinga mradi mwingine wa bauksiti. Na mwaka 2022 kanuni za msitu za India zilibadilishwa: serkali kuu inaweza kutoa ruhusa yake kwanza, na mambo ya haki za wanakijiji yakaachiwa jimbo baadaye. Ushindi wa Niyamgiri unahitaji walinzi kila siku, sawa vile vijito vinavyohitaji.

Juu ya nini tunawaambia haya yote ninyi wa Kongo? Kanuni yetu ya migodi ya mwaka 2018 inalazimisha kampuni kutia sahihi mapatano na jamii juu ya barabara, shule, maji, na kutoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Ni hatua, hatuikatai. Lakini muisome vizuri: inamuuliza mwanakijiji atapewa nini. Wadongria waliulizwa swali linalotangulia hilo: munakubali ao hamukubali? Yule anayeulizwa tu "utapewa nini" amekwisha kuondolewa kwenye uamuzi.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu.

Mkienda kijijini kwa bibi ao kwa babu, muulize majina ya milima, ya vijito, ya miti isiyokatwa, na juu ya nini haikatwi. Muandike. Siku moja majina hayo yanaweza kusimama mbele ya jaji.

Mukisikia mkutano wa kijiji na kampuni, muende, muandike nani alikuwepo na nani alisema nini, juu karatasi ya uongo inapingwa na karatasi ya kweli.

Na mukialikwa kucheza ngoma mbele ya mkubwa, muchezeni kama munataka. Ni ngoma yetu. Lakini ngoma ikiisha musirudi nyumbani. Muingie naye kwenye chumba cha mazungumzo, muketi, na muulizwe.

Hapana ya vijiji 12 ilisemwa kwa Kikuvi, kwa sauti ya watu ambao wengi wao hawakusoma shule. Ilisikika mpaka Delhi. Ya kwetu pia inaweza kusikika mpaka Kinshasa.