Medali Yenu, Aibu Yake

Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Sasa atatafutwa Simbu mwingine, na hakuna sababu asitoke Kilosa au Mikumi, kwenye watoto wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, wanaokimbia pekupeku. Kabla mkataba wa udhamini haujafika mezani kwao, tuulize: siku kijana huyo akikutwa na dawa zilizokatazwa michezoni, mdhamini atasimama wapi?

Jibu linajulikana. Atasimama palipo na mauzo.

Mkimbiaji Justin Gatlin wa Marekani alinaswa mara ya pili mwaka 2006 na kufungiwa miaka minne. Aliporudi na kasi yake, Nike ikampa mkataba mpya mwaka 2015. Katika mashindano ya dunia ya London 2017 alishinda mita 100 huku uwanja ukimzomea. Katika mashindano hayohayo Simbu wetu alichukua shaba ya marathoni bila doa. Mwaka 2016 Nike ilisitisha uhusiano na mcheza tenisi Maria Sharapova mwezi Machi, kesi yake ya dawa ilipojulikana, na mwezi Juni, alipofungiwa, ikatangaza kuendelea naye. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong nako Nike ilibaki naye miaka yote ya tetesi, ikamtosa Oktoba 2012, wiki moja baada ya ripoti ya wachunguzi kumwanika. Wapo wanaouita huo uaminifu. Huo ni uhasibu!

Tazameni jirani zetu Kenya. Jemima Sumgong alishinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki ya Rio 2016. Mwaka uliofuata akakutwa na dawa ya EPO. Ruth Chepng'etich alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56 Oktoba 2024, rekodi ya dunia ya wanawake. Mwaka mmoja baadaye akafungiwa miaka mitatu. Utetezi wake? Kwamba alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani.

Mkimbiaji aliyekosa aadhibiwe, sina huruma naye. Lakini nani aliandika mikataba inayomwaga bonasi kwa rekodi na kukata malipo kiwango kikishuka? Anayelipwa hivyo akiumia goti hapumziki, anahesabu hasara. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa wanachuma wawili, anakula mmoja.

Kwa hiyo kampuni yoyote itakayokuja na fulana na kamera, iambiwe masharti yetu. Kwanza, posho ya mwaka mzima, isiyokatwa kwa jeraha. Pili, kabla ya saini, kijana na mzazi wake wafundishwe kwa Kiswahili kwamba hata kidonge halali cha duka la dawa pale Mikumi mjini kinaweza kumfanya afungiwe miaka, na wapewe daktari wa kumpigia simu. Tatu, akinaswa, mdhamini asifute picha na kutoweka: fedha iliyobaki kwenye mkataba iende kwenye vipimo na elimu kwa wakimbiaji wa wilaya hiyohiyo.

Mdhamini atakayekataa masharti hayo amekuja kununua tangazo, na matangazo yana bei yake kwingine.

Walimu wa michezo, wazazi, maofisa wa halmashauri ya Kilosa: msimsainishe mtoto wa mtu karatasi isiyo na mambo hayo matatu.