Kitufe bubu ni mlango uliofungwa

Huduma za serikali zinahamia kwenye simu, na vijana wetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, wanaunda programu. Wapo wanaoacha vitufe vya kawaida vya Android wakachora vyao vya kupendeza. Hapo pana hatari. Kitufe cha kawaida chenye maandishi husomwa na TalkBack, sauti inayomsaidia asiyeona kutumia simu. Cha kujichorea, usipokipa jina na kueleza kazi yake, huwa bubu: asiyeona hajui analipa au anaghairi. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kupata habari. Basi kaunti zetu sita za Pwani zinapoagiza programu, zisimlipe fundi kabla asiyeona hajaijaribu mwenyewe.