Wapeni watoto wa pwani tone la bahari yao

Kwa miaka 26 nilisahihisha michoro ya amiba iliyochorwa na watoto ambao hawajawahi kumwona amiba. Nilifundisha baiolojia sekondari hapa Tanga, na kalamu yangu nyekundu ilifuata kanuni wanazozijua wote waliopita darasani kwetu: penseli iliyochongwa, mstari usiokatika, hakuna kutia kivuli, mistari ya majina isipishane. Aliyetimiza hayo alipata alama zake. Darasa la watoto 60 lilinipa amiba 60 walionyoosha mguu uleule upande uleule, maana wote walitoka katika picha moja ya kitabu kimoja. Na amiba hana umbo maalumu. Hubadilika kila anaposogea. Hilo nililifundisha kwa mdomo, kisha nikalikanusha kwa alama nilizotoa.

Hadubini zilikuwepo. Katika shule moja niliyofundisha zilikuwa nne, ndani ya kabati lenye kufuli, na aliyeshika ufunguo aliamini kwamba kifaa kisichoguswa hakiharibiki. Joto na unyevu wa pwani vikafanya kazi yake. Kuvu iliota kwenye lenzi za hadubini mbili kabla mtoto yeyote hajazitazamia.

Miaka michache kabla sijastaafu nilipata hadubini moja ya zamani, ile yenye kioo chini cha kukusanya mwanga wa dirishani. Nikachukua soksi ndefu ya nailoni, nikaikata ncha, nikafungia hapo kichupa cha dawa ya kikohozi, na mdomoni nikashonea duara la waya. Nikashuka Deep Sea, wanakopandisha dagaa, nikamkuta nahodha mmoja mtu mzima akikagua nyavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Na hiyo soksi?"

Nikamwambia nataka kuvua wanachokula dagaa wake. Akanipakia bila maswali mengi, tukaiburuta soksi taratibu nyuma ya mashua mpaka usawa wa kisiwa cha Toten, tukarudi. Kichupa alikiinua juani, akakitikisa. "Maji," alisema. "Yana ukungu kidogo."

Saa moja baadaye nilikuwa maabara peke yangu, tone moja la ukungu ule likiwa chini ya lenzi.

Cha kwanza kilikuwa duara. Kitaalamu huitwa Coscinodiscus, mojawapo ya diatomu, viumbe vya seli moja vinavyoishi kwa mwanga wa jua kama majani na kujijengea nyumba ya silika, malighafi ileile ya kioo. Upana wake ulikuwa kama wa unywele mmoja au nywele mbili. Juu ya uso ule kulikuwa na vitundu visivyohesabika, vimepangwa safu kwa safu kutoka katikati hadi ukingoni, mithili ya ungo uliosukwa na mtu asiyekosea. Nyumba ya diatomu ni kikebe na kifuniko chake. Seli ikigawanyika, kila mtoto huondoka na kipande kimoja, akakifanya kifuniko, kisha akajijengea kikebe kipya cha kuingia ndani yake. Kwa hiyo aliyerithi kipande cha chini hutoka mdogo kidogo kuliko mzazi, na mjukuu wake mdogo zaidi, hadi ukoo unapofikia udogo usioweza kuendelea. Hapo hugeuka kuzaana kijinsia, vioo vya zamani vikaachwa, na kizazi kipya kikaanza kwa ukubwa wa mababu. Nilikuwa nimefundisha mgawanyiko wa seli kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu ya utu uzima, na mfano mzuri kuliko yote ulikuwa ukielea ng'ambo ya barabara.

Kando yake palikuwa na Pleurosigma, iliyopinda kama jambia, yenye mistari myembamba hivi kwamba watengeneza lenzi wa karne ya 19 waliitumia kupimia ubora wa kazi yao. Palikuwa na Chaetoceros, mnyororo wa seli zenye nywele ndefu pande zote. Palikuwa na kiumbe chenye pembe tatu kama nanga. Kisha nikaiona Bacillaria, vijiti vilivyolala sambamba, na mbele ya macho yangu vikaanza kuteleza kimoja ubavuni mwa kingine mpaka vikawa mstari mrefu, vikasita, vikarudi vilivyokuwa. Nilirudia kutazama mara nyingi kwa kuogopa kwamba nimejidanganya. Halafu akapita mtoto wa kaa, mwenye mwiba kichwani, mwiba mgongoni na macho makubwa meusi, asiyefanana hata chembe na kaa tunayemla.

Kaskazi ilipotulia miezi iliyofuata nilichota pia kile kinachoonekana juu ya maji kama vumbi la msumeno, ambacho wengi hukiona uchafu. Ni Trichodesmium, nyuzi zilizofungana kama tita la makuti. Zina uwezo wa kuchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea ya bahari.

Nilipoanza kutafuta nani amewahi kuchora vitu hivi, njia ilinipeleka Ujerumani, kwa Ernst Haeckel, profesa wa Jena. Akiwa bado kijana, alikaa Messina, Sicilia, majira ya baridi ya 1859 hadi 1860, akivua kwa wavu mwembamba na kuchora radiolaria, viumbe wa seli moja wenye mifupa ya silika kama taa za sherehe. Kitabu chake juu yao kilitoka 1862. Baadaye alikabidhiwa radiolaria walioletwa na meli ya Uingereza, Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876. Aliwafanyia kazi kwa takriban miaka kumi, akaeleza spishi mpya zaidi ya 3,500. Kisha, kati ya 1899 na 1904, akatoa kwa watu wa kawaida picha 100 za maumbo ya viumbe, zilizohamishiwa kwenye jiwe la kuchapia na fundi Adolf Giltsch. Msanifu René Binet alizisoma kazi hizo, na katika maonyesho makubwa ya Paris ya 1900 mamilioni ya watu waliingia kupitia lango lililoigwa kutoka mfupa wa radiolaria. Hebu fikiri: kiumbe kisichoonekana kwa jicho, kimekuwa lango la mji.

Nazipenda picha zile. Lakini nikiwa mwalimu niliyezoea kutazama michoro, naona kasoro ndani yake, na wanasayansi pia wameiona: Haeckel alinyoosha. Kilichokuwa kimepinda kidogo alikisawazisha, upande wa kushoto ukalingana na wa kulia kuliko ilivyo baharini. Alichora alichoamini kwamba kinapaswa kuwepo. Na mkono ule haukuishia kwa radiolaria. Katika kitabu chake cha 1868 aliwapanga wanadamu kwa ngazi, akamweka Mzungu juu na Mwafrika chini karibu na nyani. Mtu aliyeinamia tone la maji kwa subira ya miaka hakuweza kumtazama mwanadamu mwenzake kwa dakika moja bila kumpangia daraja kabla. Siwezi kumsifu mbele ya watoto wetu bila kuwaambia na hili.

Bahari yetu nayo iliingia katika michoro hiyo ya Ulaya. Mwaka 1898 serikali ya Ujerumani ilituma meli Valdivia kuchunguza vilindi, ikiongozwa na Profesa Carl Chun, pamoja na mchoraji wake, Friedrich Winter. Machi 1899 ilitia nanga Dar es Salaam, wakati huo makao ya utawala wa Wajerumani. Mtaalamu wa mimea, Wilhelm Schimper, alirudi Ulaya akiwa ameharibiwa na malaria, akafa 1901. Kazi yake ilimaliziwa na George Karsten, aliyechapisha mwaka 1907 maelezo na michoro ya mimea midogo ya Bahari ya Hindi iliyonaswa safarini. Mwaka 1907. Kusini mwa nchi hii Vita vya Maji Maji vilikuwa vikizimwa kwa bunduki na kwa njaa, na huko Ujerumani mtu ameketi anachora kwa penseli laini vilivyomo ndani ya maji yetu. Silaumu penseli. Nasema tu kwamba zaidi ya miaka mia imepita, na mtoto wa Raskazone, hapa Tanga, bado anasoma amiba wa kitabuni.

Watu huniuliza faida. Mwenzangu mmoja aliniuliza wazi: shule haina madawati ya kutosha, na wewe unataka watoto wachore vijidudu? Faida ninayo, tena kubwa. Karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia hufanywa na viumbe hivi vinavyoelea. Dagaa wanaoanikwa pwani yote hii hula planktoni, yaani viumbe hivi vinavyoelea. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hufika Mafia kuifuata, na watalii humfuata yeye. Hayo yote ni kweli na nimeyasema katika vikao vingi. Lakini nimechoka kuanza na faida. Mtoto hamtazami mama yake kwa sababu ni chanzo cha chakula. Januari 1832 Charles Darwin, kijana wa miaka 22, aliburuta wavu nyuma ya meli Beagle, na akaandika katika shajara yake jinsi alivyoshangaa kwamba uzuri mwingi namna ile umeumbwa kwa lengo dogo hivyo. Alianza na kushangaa. Maswali yake makubwa yalikuja baadaye.

Na sisi watu wa pwani ni watu wa mapambo, hatuhitaji kufundishwa kupenda maumbo. Mafundi wa milango ya Unguja walichonga samaki na mawimbi chini ya miimo, na minyororo ukingoni. Waliiweka bahari mlangoni kwa kadiri walivyoiona. Wangeuona mnyororo wa Chaetoceros wangeuacha? Khanga ina pindo, ina mji, ina jina lake. Mji umebeba korosho, maua, kuku, nanasi. Nimemwona Coscinodiscus akikaa katikati ya mji kana kwamba nafasi ile iliachwa kwa ajili yake, na pindo la Bacillaria, vijiti vikiteleza kutoka kona hadi kona. Wapaka hina wa Mombasa na Lamu huchora kwa mkono, bila rula, mistari ambayo mkono wangu hauwezi. Wapeni hao hadubini kwa adhuhuri moja tu.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya kutisha. Kila sekondari iliyo karibu na bahari iwe na hadubini moja iliyo mezani, nje ya kabati, na soksi moja. Mara moja kila muhula, mwalimu wa baiolojia na mwalimu wa sanaa waingie darasa moja, na mchoro wa kiumbe aliyetazamwa upewe alama zaidi ya mchoro ulionakiliwa. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, na wenzao wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa, wanavijua viumbe hivi kwa majina. Nawaomba wafungue milango kwa walimu na kwa mafundi wa vitambaa, wasiishie kuandika kwa ajili ya wataalamu wenzao tu. Na wanaotunga mtihani waiondoe picha ile ya amiba. Nilichangia kuieneza, nataka kuiona ikiondoka.

Siku ya kwanza nilipowaleta kidato cha pili kwenye ile hadubini walikuwa 41, nao walipanga foleni hadi nje. Niliwapa sharti moja: chora unachokiona, usichore unachokijua. Msichana mmoja alichora Coscinodiscus yenye ufa upande wa kushoto, safu za vitundu zimekatika, na pembeni kipande kilichomeguka. Jirani yake akamwambia amalizie duara. Akainama tena kwenye lenzi, akakaa muda, akaja kwangu na karatasi.

"Madam, nimalizie?"

"Umeona nini?"

"Imevunjika."

"Basi."

Kwa ruhusa yake niliupeleka mchoro ule Deep Sea. Nahodha aliushika kwa ncha za vidole, maana mikono yake ilikuwa na magamba, akautazama kwa muda mrefu. Akauliza kama huu ndio ule ukungu. Nikamwambia ndio, mzee. Akauliza tuliunasa wapi hasa, tulipokuwa tunakwenda au tulipogeuza. Nikamwonyesha kwa mkono, mbele kidogo ya kisiwa.

"Pale maji yanapokutana," alisema. "Dagaa hukaa pale."