Dhihaka si Kufuru

Ndugu yetu aliyeandika kwamba picha za kuwakejeli wakuu wa dini ni kazi ya makafiri wasio na haya, ametoa hukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi. Mwaka 1521, huko Wittenberg, Ujerumani, kilitoka kijitabu cha picha 26 za Lucas Cranach, zilizochongwa katika mbao na kupangwa kwa jozi: upande huu Kristo awaosha wanafunzi wake miguu, upande wa pili Papa abusiwa mguu na wakuu wa dunia, hapa Kristo awafukuza wafanya biashara hekaluni, pale Papa auza hati za msamaha wa dhambi. Je, mchoraji huyo ni kafiri, ilhali mizani aliyoishika ni Injili yenyewe? Ni kweli kwamba picha za mwaka 1545, zilizotoka katika karakana yake, zilivuka mpaka wa adabu. Na watetezi wa Papa nao, mwaka 1529, walikwisha kumchora Martin Luther, mpinzani wa Papa, akiwa na vichwa saba. Lakini fedheha ya tusi humrudia mwenye kutusi, wala haiwi hoja ya kumnyamazisha mwenye kukumbusha. Kiongozi wa dini atakaye heshima, na atende ayahubiriyo. Mchoraji atakosa la kuchora.