Msichome Vitabu vya Hadithi

Mama mmoja wa Lindi ametuandikia akiomba msaada wa haraka. Binti yake wa miaka 11 aliletewa na shangazi yake kutoka Dar es Salaam vitabu vitatu vya Kiingereza, vya mfululizo uitwao The Sisters Grimm. Mtoto haviachi. Anavisoma hata jikoni, na mboga zimeungua mara mbili. Lakini si mboga zilizomfanya mama aandike. Baba wa nyumba alivifungua, akakuta wachawi, majitu na mbwa mwitu aliyejifanya mtu, akaamuru vichomwe moto. Mama amevificha juu ya kabati. Sasa anaogopa kumkaidi mumewe, na anaogopa pia kumvunja moyo mtoto aliyeanza kupenda kusoma.

Mama mwenzangu, usiwashe kiberiti. Mfululizo huo ni wa Michael Buckley wa Marekani. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2005 na cha tisa, ambacho ni cha mwisho, mwaka 2012. Wasichana wawili, Sabrina na mdogo wake Daphne, wamepotelewa na wazazi wao. Bibi yao anawachukua na kuwapeleka katika mji mdogo ambamo watu wa ngano za kale wanaishi kwa siri. Kazi ya ukoo wao ni upelelezi. Jambo baya likitokea, wao huenda kutazama nyayo, huuliza maswali, na humpima msemaji kwa maneno yake mwenyewe. Jina la Grimm ni la ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm, waliokusanya hadithi za watu wao na kuanza kuzichapisha mwaka 1812.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. La hasha! Hebu mkumbuke hadithi ya Nunda, mla watu. Mtende wa sultani unaibiwa tende kila mwaka. Wana wakubwa wanawekwa kulinda mmoja baada ya mwingine, na wote wanalala usingizi. Kitinda mimba, ambaye baba yake hamthamini, anachukua mahindi na mchanga. Anatafuna mahindi, na usingizi ukimjia anatia mchanga mdomoni ili ukwaruzo wake umwamshe. Ndivyo anavyomkamata mwizi, naye ni ndege. Baadaye paka wa sultani anakua na kuwa dubwana linalomeza watu, na kijana yule yule anatoka kulitafuta. Kila anapoua mnyama humleta kwa mama yake na kuuliza kama ndiye. Mama anamtazama, anasema bado, siye. Mbwa siye, ngawa siye, twiga siye, hata tembo siye. Huo kama si upelelezi ni nini? Na aliyeshika ushahidi, angalieni, ni mama.

Tena baba wa nyumba aambiwe jambo hili kwa upole. Aliyeiandika hadithi ya Nunda na kuichapisha kwa Kiswahili mwaka 1870 hakuwa mganga. Alikuwa Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana wa Zanzibar, ambaye baadaye alikuwa askofu na kujenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1876 mtu huyo alishuka papa hapa Lindi na kundi la watumwa waliokombolewa, akafuatana nao kwa miguu mpaka Masasi. Aliyetafsiri Maandiko kwa mkono ule ule aliandika habari za paa asemaye na nyoka wa vichwa saba, wala hakuona kwamba amemkosea Mungu. Na nabii Nathani je? Katika 2 Samweli sura ya 12 alimpelekea Daudi kisa cha mwana-kondoo aliyeporwa. Mfalme akatoa hukumu kwa hasira kabla hajajua kwamba mwizi ni yeye mwenyewe.

Hata hivyo hofu ya baba haikutoka hewani. Uchawi kwetu si jambo la vitabuni tu. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Waliowaua waliambiwa kwamba ni wachawi, wakaamini bila kuuliza swali hata moja. Mimi naona mtoto aliyezoea kuuliza nani alikuwa wapi, nani aliona, na kwa nini huyu asingiziwe, ni kinga katika kijiji. Ninayemwogopa zaidi ni yule asiyeuliza.

Kuna jambo moja la kuangalia. Sabrina ana uchungu mwingi moyoni kwa ajili ya wazazi wake, naye huwajibu wakubwa kwa ukali. Mtoto aliyefiwa anaweza kuguswa sana. Basi usimwachie asome peke yake kila mara. Kaa naye, muulize anaona nini.

Vitabu vitatu vikiisha, vingine viko nyumbani bila kununuliwa. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Tano kati yake zilikuwa za Kilwa, za masultani wa karne nyingi zilizopita. Zilifikaje kule? Hakuna aliyeweza kuthibitisha mpaka leo. Mwulize binti yako: ni baharia, ni mwizi, au ni mfanyabiashara aliyevunjikiwa na chombo? Jitu nalo tunalo. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya wanyama wa kale kule Tendaguru, na wapagazi wetu wakaibeba hadi bandari ya Lindi. Mmoja wao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, urefu wake unapita mita 13. Watoto wangapi wa Lindi wanajua kwamba alipitia kwao?

Kuhusu mumeo, usimfiche zaidi. Siri juu ya kabati itakuja kuwa ugomvi mwingine. Jioni moja baada ya chakula, mwombe binti amsimulie baba yake sura ya kwanza kwa Kiswahili, pole pole. Akifika mahali pa kutisha, anyamaze, aseme nyingine kesho.