Mgeni Njoo, Mwenyeji Aangamie: Ufugaji wa Nondo wa Hariri Nyumbani

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ufugaji wa nondo wakubwa wa hariri majumbani, methali hii yaweza kupinduka, mgeni akaja na mwenyeji akaangamia. Kwa hivyo, suala la msingi si iwapo nondo hao wafugwe, bali ni nondo wa wapi wanaofaa kufugwa.

Faida za ufugaji huu ni bayana. Kwa wengi, nondo ni mharibifu wa nguo. Nondo mkubwa wa hariri hamo katika lawama hiyo. Akishatoka kifukofukoni hali chochote, kwani kinywa chake hakifanyi kazi. Huishi siku chache tu kwa akiba aliyojiwekea alipokuwa kiwavi. Mtoto anayemlisha kiwavi huyo majani mabichi kila siku, akamwona akijivua ngozi na hatimaye kujisokotea nyumba ya nyuzi, hupata somo ambalo kitabu pekee hakiwezi kulitoa.

Hata hivyo, historia inaonya. Katika miaka ya 1860, Mfaransa Étienne Léopold Trouvelot alifuga nondo nyumbani kwake Medford, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Akitafuta hariri, alimfuga polyphemus, nondo mkubwa wa asili ya huko. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1865 viwavi wake walifikia milioni moja, wakila vichaka vilivyofunikwa kwa wavu. Hao hawakuleta maafa. Maafa yaliletwa na nondo mwingine, Lymantria dispar, aliyemwingiza kutoka Ulaya. Mnamo 1868 au 1869 baadhi yao walitoroka. Miaka 20 hivi baadaye, miti ya Medford ilibaki matawi matupu. Mwaka 1981 pekee, viwavi wa uzao huo walipukutisha majani ya miti katika takriban hekta milioni 5 nchini Marekani.

Fauka ya hayo, dawa nayo iligeuka kuwa ugonjwa. Mwaka 1906 nzi aitwaye Compsilura concinnata aliletwa kutoka Ulaya ili awaangamize viwavi hao. Nzi huyo hakubagua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulidhihirisha kwamba huwashambulia vikali hata nondo wakubwa wa hariri wa asili, akiwemo cecropia. Mgeni wa kwanza akamwita mgeni wa pili, na mwenyeji akalipa deni la wote wawili.

Wapo watakaodai kwamba dawa ni kuupiga marufuku ufugaji wenyewe. Hoja hiyo haina mashiko. Polyphemus aliyetoroka alirudi tu katika msitu wake, kwenye ndege na wadudu waliozoea kumpunguza. Lymantria alitoroka akiwaacha maadui wake wengi ng'ambo ya bahari.

Funzo hili linaihusu Kenya pia. Mpenzi wa nondo hana haja ya kuagiza mayai kutoka Asia ilhali Afrika Mashariki ina Argema mimosae, nondo wa kijani mwenye mikia mirefu, ambaye viwavi wake hula majani ya mng'ongo. Na afugwe huyo, kwa idhini ya sheria na kwa idadi ambayo majani yaliyopo yanaimudu. Sanduku la mfugaji hufunguka siku moja, kwa kusudi au kwa bahati mbaya. Heri atakayetoka humo awe amefika kwao.